Miriamu na kipaza sauti

Ukisimama Manyovu jioni, bodaboda zinapita na muziki, na mara nyingi ni hip hop. Sikiliza vizuri. Mwanamke anatajwa sana: anasifiwa umbo, anatukanwa, anachezeshwa kwenye video. Kumsikia yeye mwenyewe akichana ni nadra.

Si kwamba hawapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Zay B na Sister P walichana kwa Kiswahili katikati ya wanaume. Leo wengi wanakumbuka bifu lao kuliko mistari yao. Wanaume nao walikuwa na bifu, mbona mistari yao haikusahauliwa? Mwaka 2004 kundi la Wakilisha lilishinda Coca-Cola Pop Stars. Kati ya watatu, wawili walikuwa wanawake, Witness na Shaa, pamoja na marehemu Langa.

Nasi wa kanisani tusijitoe. Binti akichana, tunauliza amevaa nini kabla ya kusikia amesema nini. Lakini fungua Kutoka 15: Miriamu ameshika tari, na wanawake wote wanatoka nyuma yake. Fungua Waamuzi 5: Debora anaimba habari za vita, na makabila yaliyokwepa anayataja kwa majina, Reubeni, Dani, Asheri. (Vijana wangesema amewachana hadharani.) Wimbo huo haukufutwa, umo kwenye Biblia yako.

Je, katika kwaya yako ya vijana, nani anatunga nyimbo, na nani anaachiwa kuitikia tu?