Maus na mchoraji wake: kweli na uongo

Katuni ni za watoto. Uongo huu tuufagie mapema, maana msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Watu wazima walimfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo miaka nenda miaka rudi, na jarida la Sani lilisomwa na watu wenye kazi na familia zao. Art Spiegelman, Mmarekani aliyezaliwa Stockholm mwaka 1948, alitumia katuni kusimulia jinsi wazazi wake, Vladek na Anja, Wayahudi wa Poland, walivyotoka hai Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Katika kitabu hicho, Maus, Wayahudi wana sura za panya, Wajerumani paka, Wapolandi nguruwe. Mwanzoni mwa juzuu ya pili kuna picha halisi ya mtoto mdogo: ni Richieu, kaka yake Art, aliyekufa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hicho si kitabu cha kumbembelezea mtoto alale.

Alichora panya kwa sababu kuchora watu kulimshinda. Si kweli hata kidogo, na ushahidi umo ndani ya kitabu chenyewe. Mama yake alijiua mwaka 1968, Art akiwa na miaka 20. Miaka michache baadaye alichora kurasa nne juu ya kifo kile: nyuso za watu, nyeusi tititi, macho yamewatoka, kuta zimepinda kana kwamba chumba kizima kinaugua. Kurasa hizo amezipachika katikati ya Maus, na kwenye ule wa kwanza amechora mkono ulioushika ukurasa pembeni, ili msomaji ajue kwamba familia nayo imeusoma.

Mkono uliochora hayo ndio uliochora panya kwa mistari michache. Alichagua kwa makusudi. Alitumia kalamu ya kawaida ya wino na karatasi nyepesi, na akachora kila ukurasa kwa ukubwa uleule utakaochapwa. Wachoraji wengi huchora kwa ukubwa zaidi, kisha picha hupunguzwa na makosa hupungua nayo. Yeye aliikataa nafuu hiyo, kwani alitaka kitabu kifanane na mwandiko wa mtu. Kabla ya mchoro mmoja kukubalika, mingi ilichorwa ikatupwa. Kwa hiyo anayetazama Maus na kusema hata mimi naweza, ajaribu kisanduku kimoja tu: panya asiye na mdomo unaoonekana, mwenye vitone viwili vya macho, na amfanye aonekane amechoka.

Tena, hao panya ni barakoa. Katika juzuu ya pili Spiegelman anajichora ameketi mezani, binadamu kamili, na uso wa panya umefungwa kwa kamba kisogoni. Chini ya meza yake imelala milundo ya maiti. Kitabu cha kwanza kimeshauzwa vizuri, waandishi wa habari wanapanda juu ya maiti wakimwuliza maswali, naye anazidi kunywea mpaka anakuwa mdogo kama mtoto. Sijaona mchoraji mwingine aliyeieleza aibu ya kufanikiwa kwa uwazi kama huo.

Kitabu kikubwa humlisha mchoraji wake. Hapa tuseme: kilikuja kumlisha, lakini kwa kuchelewa mno. Kwa takriban miaka 20 Spiegelman alipata riziki kwa kampuni ya Topps, inayouza chingamu, akibuni stika za kuchekesha. Zile za Garbage Pail Kids, watoto wenye sura za kuchukiza zilizopendwa sana na wanafunzi mwaka 1985, mkono wake umo. Mchana stika, usiku Auschwitz. Sura za Maus zilitoka moja moja ndani ya Raw, jarida aliloanzisha mwaka 1980 pamoja na mkewe, Françoise Mouly, mwanamke aliyekuwa na mashine ya kuchapia ndani ya nyumba yao. Wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu. Pantheon walitoa nusu ya kwanza mwaka 1986, na nusu ya pili mwaka 1991. Vladek hakuwahi kuiona hata hiyo ya kwanza, kwani alifariki mwaka 1982.

Mchoraji lazima awe na macho makali. Uongo. Jicho moja la Spiegelman ni dhaifu tangu utotoni, na kupima umbali wa vitu kunamsumbua. Karatasi bapa ilimfaa.

Habari yenye panya wanaosema ni hadithi ya kubuni. Gazeti la New York Times liliamini hivyo mwaka 1991, likakiweka kitabu kwenye orodha ya hadithi. Spiegelman aliwaandikia kupinga, nao wakakihamisha. Alikuwa na haki. Alimhoji baba yake huko Rego Park, New York, kinasa sauti kikiwa kazini, na ndani ya kitabu mzee anaanza kusimulia huku akikanyaga baiskeli ya mazoezi, namba ya kambi ikionekana mkononi.

Zaidi ya hapo alisoma na kulinganisha. Kuna mahali amechora wafungwa wakipita mbele ya bendi ya Auschwitz, ambayo kumbukumbu nyingi zinaitaja. Baba anasema haikumbuki, anakumbuka kuandamana tu. Mtoto hambishii, wala haifuti bendi: katika kisanduku kinachofuata wafungwa wamejaa mbele yake, ila vichwa vya ala za muziki bado vinachungulia nyuma yao. Huo ni uaminifu kwa shahidi na kwa historia kwa pamoja, na sijui maandishi matupu yangeufanyaje kwa nafasi ndogo hivyo. Mwaka 1992 alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Ofa za kukifanya filamu amezikataa.

Maus kimepigwa marufuku Marekani. Habari hii husambazwa ikiwa imevimba. Tarehe 10 Januari 2022, bodi ya elimu ya McMinn, katika jimbo la Tennessee, ilipiga kura 10 kwa 0 kukiondoa kwenye mtaala wa darasa la nane. Nje ya hapo kitabu kilibaki halali, na baada ya kura kilinunuliwa kwa fujo hadi kikapanda kileleni mwa mauzo ya Amazon. Lakini sababu zilizotolewa zinauma: matusi machache, na kichoro kidogo cha mwanamke uchi. Mwanamke huyo ni Anja, amekufa kwenye beseni la kuogea, katika zile kurasa nne nilizozitaja. Kuuita uchafu mchoro wa mtoto anayemlilia mama yake ni kutousoma. Kijana wa McMinn bado anaweza kukinunua Maus kwa fedha zake. Alichonyimwa ni mwalimu wa kukisoma naye na kumjibu anapouliza kwa nini mama yule, aliyetoka hai Auschwitz, alikufa nyumbani kwake miaka 23 baada ya vita.