Kalamu yangu ilifuta jina la kijana

Siku moja ya Machi 2022, nikiwa nimejikinga mvua barazani pa duka moja hapa Masimba, alinijia kijana niliyewahi kumfunza. Alikuwa na umri wa miaka 19. Mkononi alishika daftari la aina ile ile wanayoandikia wanafunzi insha. Alinisalimu kwa heshima, kisha akanena: “Mwalimu, naomba sahihi yako. Nataka kuwania kiti cha wadi.”

Nilicheka. Nakiri mbele yenu, wasomaji, kwamba nilicheka. Nilimtazama kijana yule, ndevu hazijamwota sawasawa, nikamwuliza ni nani aliyemtuma. Hakukasirika. Alinijibu kwa upole: “Hakuna aliyenituma, Mwalimu. Hata mwaka ule ulipofuta jina langu, sikuwa nimetumwa.”

Kicheko changu kilikatika ghafla. Nilikuwa nimesahau, naye hakuwa amesahau. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Mnamo 2019, katika shule niliyokuwa nikifunza, wanafunzi walitakiwa kuchagua baraza lao. Kijana huyu, akiwa kidato cha tatu, alijitosa uwanjani. Wiki chache kabla, alikuwa amesimama gwarideni na kuuliza kwa nini githeri ilikuwa na fukusi ilhali wazazi wamelipa pesa za chakula. Swali lile lilituudhi sisi walimu. Tulipoketi kupitia majina ya wagombea, mmoja wetu alisema kwamba mtoto huyo ana mdomo. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Nikapiga mstari juu ya jina lake. Aliyeibuka mshindi alikuwa mwana wa mtu mwenye sauti kubwa katika eneo letu. Mtoto mtiifu, mpole, ambaye kwa mwaka mzima hakuuliza swali hata moja. Nasi tulimsifu kwa uongozi bora!

Sitaji shule hiyo, wala sina haja ya kumnyoshea mtu kidole. Kidole changu kinanitosha. Nimelikumbuka tukio hili kwa sababu kila mara tunaposikia kwamba kijana asiyetimiza miaka 20 ameshinda kiti cha siasa, sisi walimu hustaajabu kana kwamba tumeona ng'ombe akipanda mti. Swali ninalotaka tujiulize leo ni hili: je, huyo aliyeshinda alifunzwa wapi, na wangapi tuliwafuta kabla mpiga kura hajapewa nafasi ya kusema lake?

Kwanza, tuitazame sheria. Nchini Kenya, umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka miaka 21 hadi 18 mnamo 1974, lakini katiba ya zamani iliendelea kumtaka mbunge awe ametimiza miaka 21. Katiba ya 2010 iliuondoa ukuta huo. Kifungu cha 193 kinamtaka anayewania uwakilishi wa wadi awe mpiga kura aliyesajiliwa, na atimize masharti ya elimu na maadili yanayowekwa na sheria. Asipokuwa na chama, anaweza kusimama kama mgombea huru, mradi aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi yake. Kwa hiyo, kijana wa miaka 18 anaweza kuingia katika Bunge la Kaunti ya Kisii, lenye wadi 45, akaiwakilisha Masimba, ambayo ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Nyaribari Masaba. Ndiyo maana yule kijana wangu alikuwa na daftari.

Sheria imefungua mlango. Je, ni akina nani wamepita?

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa jirani zetu wa Uganda. Mnamo Septemba 2012, Proscovia Alengot Oromait, msichana wa miaka 19 aliyekuwa ametoka tu shule ya upili, alishinda uchaguzi mdogo wa eneo la Usuk, wilayani Katakwi, kwa tiketi ya chama tawala cha NRM. Alipata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, akawa mbunge kijana kuliko wote barani Afrika wakati huo. Magazeti ya dunia yalimwandika. Lakini tusisahau kwamba kiti kile kiliachwa wazi na kifo cha baba yake mzazi, Michael Oromait. Watu wa Usuk walimpigia kura binti wa mtu waliyemjua na kumlilia. Aliwatumikia katika bunge lile hadi 2016, huku akisoma chuo kikuu, na baada ya uchaguzi wa mwaka huo kiti kikaenda kwa mwingine.

Huko Marekani nako, Novemba 2014, Saira Blair, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 18, alichaguliwa katika bunge la jimbo la West Virginia. Katika mchujo wa chama chake, akiwa na miaka 17 tu, alikuwa amemwangusha mjumbe aliyekuwa akikikalia kiti hicho. Hodari kweli kweli! Hata hivyo, baba yake, Craig Blair, alikuwa seneta katika jimbo hilo hilo.

Sisemi haya kwa nia ya kuwadunisha mabinti hawa. Jina la baba huweza kukufikisha mlangoni, lakini halikusemei bungeni. Ninachosema ni kwamba mtoto wa mwanasiasa hulelewa katika siasa. Huwasikia watu wakija nyumbani alfajiri na shida zao, huona baba akikosolewa na kujibu, hujua mkutano huitishwaje. Kwa maneno mengine, wao walikuwa na shule ya uongozi nyumbani. Mtoto wa mchuma majani chai wa Kiamokama au wa mwuza ndizi wa Keroka ataipata wapi shule hiyo? Hana nyingine ila hii yetu, ambamo sisi tumeshika kalamu.

Nao uthibitisho kwamba asiye na jina anaweza kufika tunao hapa nchini. Mnamo Agosti 2017, John Paul Mwirigi, aliyekuwa na umri wa miaka 23 na mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Mount Kenya, alichaguliwa mbunge wa Igembe Kusini, kaunti ya Meru, akiwa mgombea huru. Hakuwa na gari wala mali. Alitembea kwa miguu, nyumba hadi nyumba, na raia wa kawaida, wakiwemo wahudumu wa bodaboda, wakampigia debe. Aliwabwaga wagombea waliokuwa na vyama na fedha, na mnamo 2022 akachaguliwa tena. Zingatia tofauti: Oromait alifika akiwa na miaka 19 kwa njia iliyokwisha kulimwa. Mwirigi ilimbidi ailime mwenyewe, na ikamchukua muda zaidi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kuna watakaoniambia kwamba mtoto wa miaka 18 ni mbichi, kwamba atatumiwa na matajiri, kwamba ataacha masomo. Hoja hizi si za kupuuzwa. Kazi ya mwakilishi wadi si kuhudhuria mazishi na kugawa pesa. Bunge la kaunti hupitisha bajeti na sheria, na huikagua serikali ya kaunti kuhusu zahanati, barabara za mashinani, kilimo na shule za chekechea. Asiyeweza kusoma jedwali la matumizi na kuuliza pesa zimekwenda wapi atageuzwa muhuri wa watu wengine. Lakini je, ujinga huo ni wa vijana peke yao? La hasha! Wapo wenye mvi ambao hawajawahi kuuliza swali tangu waapishwe. Umri humpa mtu miaka tu. Ujasiri wa kuuliza hauji naye.

Isitoshe, mila zetu wenyewe hazikumdharau kijana kiasi hiki. Zamani, katika jamii ya Abagusii, mvulana aliyetahiriwa aliacha kuitwa omoisia akawa omomura, na jina hilo lilikuja na mzigo wake. Vijana hao waliishi katika ebisarate, kambi za mifugo ambako walikabidhiwa ng'ombe wa jamii wawalinde dhidi ya wavamizi. Ng'ombe ndiyo iliyokuwa hazina na mahari ya watu. Ni serikali ya kikoloni iliyozivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee wetu walimwamini kijana na hazina nzima. Sisi tunaogopa kumwamini na ratiba ya chakula cha shule.

Matokeo ya kuwanyamazisha tuliyaona Juni 2024. Vijana walijaa barabarani kote nchini, Kisii ikiwemo, kuupinga Mswada wa Fedha, na wengine wakapoteza maisha. Mswada uliondolewa. Vijana hao walikuwa wanafunzi wetu jana. Walikuwa na hoja na walizijua takwimu, lakini wengi wao hawakuwahi kuonyeshwa kwamba kuna mlango mwingine, ule wa daftari na sahihi 500.

Walimu wenzangu, nawasihi. Uchaguzi wa baraza la wanafunzi usiwe mchezo wa kuigiza. Tuwape wagombea nafasi ya kujieleza, kura zihesabiwe mbele ya wote, na aliyeshinda apewe kazi ya kweli, hata kama ni yule mwenye mdomo. Asomewe hesabu ya chakula na aruhusiwe kuuliza. Nanyi wanafunzi, msingoje kuitwa viongozi wa kesho. Anzeni na fukusi waliomo kwenye githeri, kwa adabu na kwa ushahidi. Anayeweza kutetea sahani ya mwenzake atajua kutetea zahanati.

Kijana wangu hakufikisha sahihi 500. Siku za mwisho alikuwa akitembea kwenye matope kutoka boma hadi boma, na wengi walimcheka kama nilivyomcheka. Jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura. Sijui kama angeshinda. Mpiga kura ndiye angejua. Lakini nadhani laiti angalikaa mwaka mmoja katika baraza la wanafunzi, watu wa kijiji chake wangalikuwa wamekwisha kulisikia jina lake.

Siku ile ya mvua nilitia sahihi daftarini mwake. Kalamu ilikuwa ile ile ya mwalimu, na mkono ulikuwa ule ule. Nilipomrudishia alinishukuru, akalifunika daftari kwa mfuko wa plastiki lisilowe, akatoka mvuani kumtafuta mtu mwingine.