Kukanusha amri: usilime, msilime

Amri yakinishi huundwa kwa mzizi wa kitenzi na irabu tamati: lima!, chota!, meza! Wanapoamriwa wengi, irabu -a hugeuka -e na kiambishi -ni huongezwa: limeni!, choteni!, mezeni! Amri ya kukataza, hata hivyo, haipatikani kwa kuibandikia amri hiyo neno la kukanusha. Muundo wake ni huu:

u- (mmoja) au m- (wengi) + -si- + mzizi + -e

Hivyo: usilime, msilime, usichote, msichote, usimeze, msimeze.

Kiambishi cha mtendwa hukaa baada ya -si-: usimpe, usiyachote. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu visivyoishia na -a havibadiliki mwishoni: usijibu, msisahau. Vya silabi moja hupoteza ku-: kula!, lakini usile. Hata njoo na nenda, ambazo ni amri zisizo za kawaida, hurejea katika utaratibu: usije, usiende.

Mwanafunzi wa Kihispania ataona jambo kama hilo: habla ni “sema”, no hables ni “usiseme”, come ni “kula”, no comas ni “usile”. Katika lugha zote mbili irabu hugeuka kwa kuwa katazo hutumia hali tegemezi, ile ya aseme na tulime.

Umoja na wingi

Mfasiri wa Kasulu na Kibondo anahitaji uangalifu zaidi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo; mwaka 2015 ikapokea Warundi, na Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Baadhi ya wakimbizi hao wamesoma kwa Kifaransa, na katika lugha hiyo n'avalez pas huweza kuwaambia watu wengi au mtu mmoja anayeheshimiwa. Kiswahili sanifu hutenganisha. Kwenye bango la wanakijiji wote: Msilime kandokando ya mto. Kwenye maelezo ya mgonjwa mmoja: Usimeze kidonge hiki kabla ya kula. Akiandikiwa msimeze, atajiuliza ni nani mwingine anayekatazwa. Heshima haitafutwi katika m-. Huletwa na wito au ombi: Mama, tafadhali usimeze.

Maumbo yanayochanganywa

Usimeze dawa hii: katazo.
Humezi dawa hii: taarifa kwamba huna desturi ya kuimeza, au huimezi sasa.
Usipomeza dawa hii: sharti, sentensi haijakamilika mpaka yatajwe matokeo.
*Usimeza: si sanifu, irabu tamati haikugeuzwa.

Silabi moja, -po-, hutenganisha katazo na onyo la kinyume chake. Usimeze humzuia mgonjwa. Usipomeza, hutapona humhimiza. Kwa hiyo, kabla maandishi hayajabandikwa ukutani, kagua mambo matatu: nafsi, -si-, na irabu ya mwisho.