Ndoano Ndogo, Lakini Ngumu

Tukivua kwenye mawe ya ziwa Tanganyika, kuhe akishika chambo anavuta kwa nguvu sana kuelekea majabali. Ndoano nyembamba inanyooka, na mboga ya nyumba imekwenda. Basi tuchague vizuri. Namba ikipanda, ndoano inakuwa ndogo: ya 10 ni ndogo kuliko ya 6. Ile ndogo inafichika ndani ya ndagala, tena inachoma upesi. Lakini tutazame unene wa chuma. Kuko namna ya kuijaribu sokoni, muuzaji akikubali: tuchomeke ncha kwenye mti, tuvute. Ikifunguka, tuiache. Tuikokote pia juu ya ukucha. Ikiteleza, haina makali. Heri mbili ngumu kuliko kumi za kunyooka.