Mutwa ni mutu: sheria iko, na sisi je?

Musomaji mupenzi, simama siku moja karibu na robine ya kartye yenu, saa ya jioni, wakati watoto wanapanga mabido. Sikiliza. Hawatakosa kugombana juu ya mulongo, na mumoja wao atamutupia mwenzake neno: «Weye mutwa!» Wengine watacheka. Mama anayepita atacheka naye, ao atanyamaza. Lakini yule mutoto aliyetukanwa si Mutwa. Pengine kartye nzima haina Mutwa hata mumoja. Hata hivi watoto wote wanajua tayari kama neno lile maana yake ni muchafu, mujinga, mutu wa pori, mutu asiyetimia.

Nani aliwafundisha? Mwalimu hakuandika neno lile kwa ubao. Walilisikia nyumbani. Walilisikia kwetu sisi wazazi.

Mwezi huu tunataka kuzungumuza na wewe, baba, mama na kijana, juu ya neno hilo na juu ya sheria ya inchi yetu inayokataa zarau ya namna hiyo. Kwa maana sheria iko, na si ya jana.

Mutu katika nyumba ya nyani

Wakati Kongo ilikuwa mali ya mufalme Leopold II, Mumarekani mumoja alikuja huku kutafuta watu wafupi wa pori, apate kuwaonyesha katika maonyesho makubwa ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Kati ya wale aliowapeleka alikuwa kijana mumoja, jina lake Ota Benga. Mwezi wa 9 mwaka 1906 walimutia katika bustani ya wanyama ya Bronx, huko New York, ndani ya nyumba ya nyani, pamoja na orangutani. Watu elfu na elfu walikuja kumuangalia na kumucheka.

Wachungaji weusi wa New York walisimama. Mumoja wao, James Gordon, aliyekuwa mukubwa wa nyumba ya yatima, alisema wazi kama jambo hili ni haya kwa watu weusi wote. Mwezi ule ule Ota Benga alitolewa. Nyuma alipelekwa Lynchburg, katika jimbo la Virginia, akafanya kazi katika kiwanda cha tumbako. Alitaka kurudi kwao, hakupata njia. Mwaka 1916 alijiua. Shirika linaloongoza bustani ile liliomba musamaha mbele ya watu wote mwaka 2020, kisha miaka 114.

Ukisoma habari hii unakasirika, na una haki. Mutoto wa Kongo kutiwa pamoja na nyani! Lakini uliza roho yako: kama Ota Benga angalirudi, angepita katika kartye yetu, nani angemukaribisha kula bukari naye sahani moja? Nani angemupa binti yake? Wazungu wale walimuita nusu mutu. Na sisi tunamuita namna gani?

Sisi pia tulilijua neno «bilulu»

Pengine utasema: «Ni maneno tu, ni mchezo wa watoto.» Basi tukumbuke mambo ya kwetu.

Tangu miaka ya 1920 kampani ya shaba na ya njia ya treni zilileta wafanyakazi wengi toka Kasai. Watoto wao walizaliwa huku, wakasoma huku, wakaoana huku, wakazika wazee wao huku. Kisha, mwaka 1992 na mwaka 1993, siasa iliharibika, na kwa mikutano watu wakaanza kuwaita ndugu hao «bilulu», maana yake wadudu. Mutu akikwisha kuitwa mududu, kumufukuza nyumbani hakuonekane tena kama zambi. Likasi, Kolwezi na pahali pengine, nyumba zilishambuliwa na kuibwa, watu wakauawa. Laki na laki walilazimishwa kuondoka. Wengi walilala majuma na miezi kwenye stasioni wakingojea treni, katika mvua na magonjwa, na watoto wakafa pale pale.

Wengine wenu munaosoma ukurasa huu mulikuwa katika treni zile. Wengine mulibaki, mukafunga mulango na kunyamaza. Na pengine wengine walihamia katika nyumba isiyokuwa yao. Hatuandiki hii tupate kufungua kidonda. Tunaandika kwa sababu kijana aliyezaliwa nyuma ya mwaka ule anafaa kujua kama mambo hayo hayakuanza na panga wala na moto. Yalianza na neno.

Inchi iliandika nini?

Watu wengi wanazani kama sheria juu ya ukabila ni kitu kipya cha Wazungu wa mashirika. Hapana. Tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1966, kisha uasi na vita vya miaka ya kwanza ya uhuru, Leta iliandika sheria namba 66-342 ya kuazibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Inasema kama mutu anayeonyesha chuki ya rangi, ya kabila ao ya jimbo, kwa maneno, kwa ishara, kwa maandiko ao kwa picha, anaweza kufungwa toka mwezi moja hadi miaka mbili, na kulipa amende. Angalia vizuri: sheria haingojei mpaka damu imwagike. Inashika neno lenyewe.

Mwaka 1976 inchi, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi wa rangi wa kila namna. Kisha vita kubwa za 1996 na za 1998 hadi 2003, wananchi walipiga kura, na Katiba ikatangazwa tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006. Kifungu cha 13 kinakataza kumubagua Mukongomani yeyote juu ya kabila lake ao juu ya kuwa mutu wa kundi dogo la luga ao la desturi, katika masomo, katika kazi za Leta na katika jambo lingine lolote. Kifungu cha 51 kinaipa Leta kazi ya kuhakikisha kama makabila yote yanakaa pamoja kwa amani, na kulinda makundi yote yaliyo madogo.

Mwisho ilikuja sheria ambayo ndugu zetu wa pori waliingojea miaka mingi. Bunge liliipiga kura mwaka 2021, na Rais akaitia sahihi tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2022. Ni sheria namba 22/030, juu ya kulinda na kuendelesha haki za watu wale wa asili: Wambuti wa Ituri, Watwa wa kwetu na wa Kivu, Wacwa wa Equateur na wengine. Inataja masomo ya watoto wao, matunzo ya wagonjwa na haki yao mbele ya hakimu. Inasema pia kama wana haki juu ya udongo na pori wanamokaa na wanamotumia tangu wazee wao. Mutu hawezi kuwahamisha, wala kuanzisha kazi kubwa katika inchi yao, kama hawakuulizwa mbele, wakaelezwa yote, na wakakubali pasipo kulazimishwa.

Sisi tunaoishi kwa shimo tusome maneno hayo mara mbili. Leo watu wanatafuta shaba, kobalti na lityumu kila pahali. Mbele ya kuchimba, wenyeji waulizwe, hata kama wenyeji hao hawana karatasi, hata kama hawavai viatu.

Tanganyika: wakati sheria inakosa miguu

Sasa twende kaskazini kidogo, katika jimbo la Tanganyika, lililokuwa sehemu ya Katanga hadi mwaka 2015. Kule, Watwa na Waluba wamekaa pamoja tangu zamani. Wanasema luga moja, wanauziana nyama, asali na unga. Lakini hawakukaa sawasawa. Mutwa alilima shamba la mwenzake akalipwa kidogo, mara zingine unga ao pombe tu. Sultani wa kijiji hakuwa Mutwa. Kiti cha mbele hakikuwa chake, wala katika masomo wala katika baraza.

Tangu mwaka 2013 hasira ilipasuka, kwanza upande wa Manono, kisha Nyunzu, Kabalo na Kalemie. Watwa wakafanya vikundi vya mishale, Waluba nao vikundi vyao. Vijiji vilichomwa pande zote mbili, na wanawake wa pande zote mbili waliteswa. Tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 2015, wapiganaji wa Kiluba walishambulia kampi ya Watwa waliokimbia, karibu na Nyunzu, wakaua watu 30 ao zaidi. Watwa nao waliua na kufukuza Waluba wengi. Mwezi wa 2 mwaka 2017 wakubwa wa pande zote walikutana Kalemie wakaandika mapatano, lakini mapigano hayakuisha siku ile.

Unaona? Wakati ule Katiba ilikuwa imeandikwa tayari. Sheria ya 1966 ilikuwa na karibu miaka 50. Karatasi zilikuwako. Lakini katika vijiji hakuna aliyemuona Mutwa kama mutu ambaye sheria inasema juu yake. Na hata leo, upande wa mashariki ambako vita haijaisha, mutu anaweza kutukanwa na kupigwa juu ya sura yake na luga anayosema. Zaidi ya ile, neno la chuki halitembei tena kwa miguu. Linapita kwa telefone, na kwa dakika moja limefika Kinshasa na Kolwezi.

Lakini kuna habari nzuri pia. Katika vijiji vingi vya Tanganyika walisimamisha kamati za baraza, ambamo Watwa na Waluba wanakaa pamoja na kukata maneno juu ya shamba, mali ya ndoa ao wizi, mbele mutu hajashika mushale. Hakuna muujiza pale. Ni watu wanaoketi kwa kiti cha namna moja, na kila mumoja anasikilizwa kwa zamu yake. Njo pale sheria inapata miguu.

Sheria haiingii katika lupango yako

Musomaji, tunakuambia wazi: Leta ina deni. Sheria ya 2022 inahitaji feza, walimu, waganga na mahakimu, na ni haki yetu kuwauliza wadepite wetu kama imefika katika vijiji ao imebaki Kinshasa. Tangu mwaka 1984 inchi haijahesabu watu wake wote. Namna gani Leta itapanga masomo ya watoto wa Watwa, ikiwa haijui ni wangapi?

Lakini polisi hawezi kusimama katika kila lupango asikilize tunavyosema wakati wa kula. Pale ni wewe baba, ni wewe mama. Mutoto wako akisema «weye mutwa» kwa kutukana, usicheke wala usinyamaze. Muite, umuketishe, umueleze kwamba Mutwa ni jina la watu, kama vile Muluba, Mubemba, Musanga ao Murund, na jina la watu si tusi. Mueleze habari ya Ota Benga. Mueleze habari ya treni za 1993, hata kama jamaa yako haikufanya vizuri siku zile. Zaidi sana kama haikufanya vizuri.

Nawe kijana, ukipata kwa telefone yako neno linaloita watu wadudu, nyani ao nyoka, usilitume mbele. Likomee kwako.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani

1. Kwetu nyumbani, ni majina gani tunayatumia kwa kuzarau makabila mengine? Nani aliyaleta?
2. Kama Mutwa ao mugeni wa jimbo lingine akifika leo saa ya bukari, atakaa wapi, na atakula sahani gani?
3. Katika mwaka 1992 na 1993, jamaa yetu ilifanya nini? Kuna mutu ambaye tunapashwa kumuomba musamaha angali muzima?