Mikono Inajua, Akili Inaingilia

Jumapili moja ya Aprili 2011, Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini, kijana wa miaka 21, aliingia siku ya mwisho ya mashindano ya gofu ya Masters huko Augusta, Marekani, akiwa mbele kwa mapigo manne. Kwenye shimo la 10 mpira wake uligonga mti ukapotelea kushoto, karibu na nyumba za wageni, na shimo linalostahili mapigo manne likamgharimu saba. Kufika la 12, alihitaji mapigo manne mafupi kuuingiza mpira uliokuwa tayari karibu na shimo. Alimaliza siku kwa mapigo 80. Juni mwaka huohuo alinyakua US Open, akimwacha wa pili kwa mapigo manane.

Ustadi haukuwa umempotea, basi. Ulikwenda wapi siku ile?

Anayeanza gofu huwaza kila hatua: miguu ikae wapi, kiwiko kipinde kiasi gani. Baada ya mazoezi ya miaka, kazi hiyo huhamia kwenye kumbukumbu ya mwendo, nayo hujiendesha yenyewe. Presha humfanya bingwa aanze tena kukagua kila hatua. Mwombe msusi hodari aeleze kila kidole kinapopita huku akisuka, uone atakavyokwama.

Mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake walilipima jambo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wachezaji wazoefu waliotakiwa kufuatilia mwendo wa fimbo yao walilenga vibaya kuliko walipopewa kazi ya kusikiliza milio fulani huku wakipiga. Kwa mchezaji mzoefu, kuongeza umakini mahali pasipofaa ni hasara.

Gofu huukuza mtego huu kuliko michezo mingi. Mlinda mlango hana muda wa kujishauri, shuti limeshafika. Mcheza gofu ana muda tele: mpira umetulia, watazamaji wamenyamaza, shimo liko mita moja tu mbele. Moyo unakwenda mbio, vidole vinaubana mpini, na akili isiyo na kazi inajitafutia kazi. Naliona pigo hilo fupi kuwa gumu kuliko lile la mita mia mbili, kwa sababu kila mtu, mchezaji mwenyewe akiwemo, anaamini halipaswi kukosewa.

Macho nayo yana sehemu yake. Joan Vickers wa Kanada aligundua kwamba wachezaji bora hulitazama eneo dogo la mpira kwa takriban sekunde mbili bila kuhamahama, na macho hubaki palepale kwa muda mfupi hata mpira ukishaondoka. Wanaokosea huwahi kuinua macho kutazama shimo. Utulivu huo hufundishika.

Presha yenyewe pia huzoeleka. Mwaka 2001 Beilock na Thomas Carr walionyesha kwamba waliofanya mazoezi huku wakirekodiwa kwa kamera hawakuporomoka walipopimwa chini ya presha, tofauti na waliojizoeza kwa raha zao. Kwa hiyo, wewe unayepiga mipira mia peke yako jioni, waite watu wakutazame. Wekeni dau la soda, na atakayekosa alipe.