Magadi, Moto na Mgongo wa Mfinyanzi

Katika magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948 na ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2024, mzuru aghalabu huvutiwa na vigae vya kaure ya Kichina na vya vyombo vya Uajemi, akaondoka akidhani kwamba ndivyo walivyotumia watu wa mji ule. Ilhali sehemu kubwa kabisa ya vigae vilivyofukuliwa humo ni ya vyungu na mitungi ya udongo wa papa hapa, iliyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa pasipo tanuri. Tofauti ya vyombo hivi ni tofauti ya moto, na moto hulipwa kwa jasho.

Mfinyanzi wa mwambao wetu, ambaye aghalabu ni mwanamke, hupanga vyungu vyake chini, akavifunika kwa kuni, makumbi na makuti makavu, akatia moto. Na kwa muda wa saa chache hari hupanda baina ya digrii 600 na 900 za Selsiasi, kisha kazi imekwisha. Udongo wa namna hii haugeuki kioo, bali hubaki na vinyweleo ambavyo kwavyo maji ya mtungini hupenya kidogo kidogo, yakakaushwa na upepo na kuyapoza yaliyosalia. Na kwa sababu ya mchanga uliochanganywa nao, chungu hustahimili kukalia mafiga bila ya kupasuka, jambo ambalo kaure, pamoja na fahari yake yote, hailiwezi. Wanaouita ufinyanzi huu ushamba wameupima kwa kipimo kisicho chake.

Mbali kabisa na huo ni uchomaji wa magadi, uliotokana na ule wa chumvi. Wafinyanzi wa bonde la mto Rhine, huko Ujerumani, kwa karne nyingi walikuwa wakitupa chumvi ndani ya tanuri lililopita digrii 1,200: chumvi ikawa mvuke, sodiamu yake ikashikana na silika ya udongo, na chombo kikavaa utando wa kioo pasipo kupakwa kitu. Lakini moshi wake una asidi kali, na kwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Alfred huko Marekani, yalijaribiwa magadi badala ya chumvi. Kanuni yenyewe si ngeni katika mwambao huu, kwani vyombo vya kale vya rangi ya feruzi vilivyoletwa kwa majahazi kutoka Ghuba vilipakwa mchanga ulioyeyushwa kwa magadi ya majivu ya mimea ya jangwani. Ila mafundi wale walipaka kwa mkono, na mfinyanzi wa leo huuachia mvuke kazi hiyo.

Wala mvuke haufanyi kazi bure. Kila chombo sharti kikalishwe juu ya vidonge vya udongo mweupe na alumina, kisije kikagandamana na bamba lililo chini yake. Mabamba yenyewe, nayo ni mazito, huingizwa tanurini moja moja, mtu ameinama nusu ya mwili. Na mlango hujengwa kwa matofali na kubomolewa kila mara. Moto ukifika kileleni, mfinyanzi ambaye huenda amekesha husimama mbele ya tundu linalotoa ndimi za moto, amevaa glavu, miwani nyeusi na kinga ya pumzi, akanyunyiza maji ya magadi kwa bomba, akarudi tena na tena. Kwa kuwa mvuke wa magadi hausafiri mbali kama wa chumvi, asiponyunyiza pande zote chombo kitang'aa ubavu mmoja na kusalia kikavu wa pili (wapo wanaoipenda alama hiyo, nami ni mmojawao). Tanuri likipoa huanza kukwangua, maana magadi hula matofali na mabamba vilevile, na vumbi la kukwangua ni adui wa mapafu.

Ndipo wengi, hususan waliochoka migongo na mabega, wakashusha moto kutoka takriban digrii 1,290 hadi 1,220, na wengine chini ya 1,100. Tofauti huonekana ndogo, lakini kadiri tanuri linavyozidi kuwaka ndivyo linavyozidi kupoteza hari, hata digrii 100 za mwisho hula kuni na saa nyingi kuliko 100 za mwanzo. Udongo nao sharti ubadilishwe, utiwe madini yayeyukayo upesi, kama yale ya boroni. Pasipo hivyo chombo hutoka hakijaiva, kikanywa maji.

Kwa mtu wa Malindi hesabu hii ina uzito wa pekee. Chumvi hukaushwa kwa jua huko Gongoni na Marereni, na magadi, yaleyale wapishi wanayotia katika maharagwe, huchimbwa katika ziwa Magadi na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911. Kilicho haba ni kuni: msitu wa Arabuko-Sokoke na mikoko ya Mida havina akiba ya kuchezea, nami singependa kuona tanuri la digrii 1,300 likijengwa karibu navyo. Atakayetaka kujaribu na aanze na moto wa chini, wa gesi ikipatikana, katika tanuri dogo ambalo mtu mmoja aweza kuujenga mlango wake alfajiri na kulizima kabla ya magharibi.